Kabla ya Miwani, Shika Rimoti

Shangazi alipovaa miwani ya VR kwa mara ya kwanza, sebuleni kwangu Tabata, alikaa kimya karibu dakika nzima. Alikuwa ufukweni, maji yanamjia miguuni, mbele yake meza ndogo yenye kikombe. Kazi ilikuwa moja tu, kukiokota kile kikombe. Nikamwambia, "Shangazi, bonyeza B." Akauliza, "B iko wapi, mwanangu?" Iko juu, nikasema, karibu na kidole gumba. Akaigeuzageuza rimoti, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokigusa, ufuko ukatoweka na ukurasa wa mipangilio ukamjaa usoni. Tukaurudisha ufuko. Ndipo akafanya kile ambacho karibu kila ninayemvisha miwani hukifanya: aliinua miwani kidogo puani, akachungulia chini kama mtu anayetafuta kandambili uvunguni, akaiona herufi, akabonyeza, akaishusha miwani. Kikombe kikaja mkononi. Lakini yeye alikuwa ameshatoka ufukweni. Alikuwa Tabata, ameshika plastiki.

Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu, na la aliyetengeneza ile programu. Sote wawili tulisahau jambo moja ambalo ningependa msomaji alishike kabla ya mengine yote: ukishavaa miwani, rimoti huioni. Unaijua kwa vidole tu, kama unavyoitafuta swichi ukutani gizani. Vitufe vyenye herufi, rangi na alama nzuri ni pambo la dukani. Kinachofanya kazi ndani ya miwani ni umbo, uzito, mahali kidole kinapotulia chenyewe, na mtetemo.

Nimekuwa nikiwavisha watu miwani hii kwa miaka kadhaa sasa, madarasani, kwenye maonyesho na nyumbani, na hutengeneza programu ndogo ndogo za mafunzo. Ninayoyasema hapa yanamhusu anayetaka kununua, yanamhusu mwalimu au mwenye kibanda cha gemu anayewavisha wengine, na zaidi yanamhusu kijana anayejifunza kutengeneza programu za uhalisia pepe (VR) akidhani kazi kubwa iko kwenye picha. Vitabuni kifaa hiki huitwa kidhibiti. Vibandani wanasema pedi. Mimi nasema rimoti, kwa sababu ziko mbili na kila mkono una yake, na shangazi pia huziita hivyo.

Mwaka 2016 ndio ulioweka hadharani umuhimu wa rimoti. Miwani ya Oculus Rift ilipotoka Machi mwaka huo, ndani ya boksi kulikuwa na pedi ya Xbox One, ile ile ya kuchezea mpira ukiwa kwenye kochi. Unageuza kichwa, dunia inageuka nawe; unainama kuitafuta mikono yako, hakuna. Mikono imefungamana mapajani, imeshika kitu ambacho dunia ile haina habari nacho. Mwezi uliofuata ikaingia HTC Vive na rimoti mbili ndefu kama tochi, zikifuatiliwa na visanduku viwili vilivyofungwa juu kwenye pembe za chumba na kupiga miale ya leza. Mtu akaweza kuinama akaokota kitu sakafuni. Oktoba ikaja PlayStation VR, ikitegemea rimoti za Move za mwaka 2010, zenye mpira wa taa kichwani na zisizo na kijiti cha kidole gumba, kwa hiyo kila mtengeneza gemu aliyezitumia alilazimika kubuni upya namna ya kumtembeza mchezaji. Na Desemba Oculus wakatoa rimoti zao wenyewe, Touch.

Tazama kisa cha Rift peke yake. Kati ya Machi na Desemba miwani haikubadilika: kioo kile kile, lenzi zile zile. Kilichobadilika ni mkono. Gemu za Machi zilikuwa za kuketi, kuendesha chombo cha angani, kumtazama kikaragosi kutoka juu. Za baada ya Desemba zilikuwa za kunyoosha mkono na kushika vitu. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue miwani ipi, huwa sianzi na ubora wa picha. Nampa rimoti ashike, na namwambia afumbe macho.

Ukifumba macho utagundua kwamba rimoti ni za koo mbili. Kuna ukoo wa fimbo, kama zile za kwanza za Vive na Move, na kuna ukoo wa ngumi, ulioanza na Touch na ambao karibu kila kampuni imeufuata tangu hapo, hadi miwani za Quest na PlayStation VR2. Fimbo inapendeza pale kitu unachokishika ndani ya miwani nacho ni fimbo: upanga, tochi, brashi, bunduki. Ukitaka kupunga mkono, kunyoosha kidole au kugonga kiganja cha mtoto kwa pongezi, fimbo inakukatalia. Kiganja kinajua kimeshika mpini, na macho yanaambiwa kiganja ki wazi. Mwili hauambiwi mambo mawili ukakubali yote.

Ukoo wa ngumi umeleta kitu kinachoonekana kidogo lakini ndicho kilichobadilisha kazi yetu: umegawa kazi kati ya vidole. Kidole cha kati kinabana kitufe cha ubavuni, na hiyo ni kushika. Cha shahada kinabana kitufe cha mbele kiitwacho triga, na hiyo ni kutumia. Kidole gumba kiko juu, huru. Kwa hiyo unaweza kushika chupa ya dawa ya mbu kwa kidole cha kati na kuipuliza kwa cha shahada bila kuiachia, kama unavyofanya nyumbani. Juu ya hapo, vitufe vya Touch vinahisi kidole kikiwa kimegusa tu hata kabla hakijabonyeza. Inua kidole cha shahada, mkono wa ndani ya miwani unaonyesha kidole. Inua gumba, unasema "poa". Sijawahi kumfundisha mtu yeyote hili. Wanaligundua wenyewe ndani ya dakika mbili, wanacheka, na kuanzia hapo ule mkono ni wao.

Kampuni ya Valve ilikwenda mbele zaidi mwaka 2019 kwa rimoti za miwani yake ya Index, zinazofungwa nyuma ya kiganja kwa mkanda na kubeba vihisio 87 kila moja. Unaweza kufungua vidole vyote na rimoti isianguke. Faida yake huiona kwenye kuachia, na kuachia ndiko kugumu kuliko kushika. Jaribu kurusha mpira ndani ya VR kwa rimoti ya kawaida. Mkono unatupa, lakini vidole vinaogopa kuiachia rimoti yenyewe, kwa hiyo unachelewa kukiachia kitufe, mkono umeshaanza kushuka, na mpira unadondoka miguuni pako kama embe bovu. Mrushaji anajilaumu kwamba hana shabaha. Shabaha anayo. Kwa anayetumia, dawa ni kuvaa mkanda wa kifundo cha mkono na kuukaza, ili vidole viamini kwamba hata vikilegea hakuna kitakachovunjika, kisha uachie mapema kidogo kuliko unavyodhani. Kwa anayetengeneza programu, usichukue kasi ya mkono ya lile tukio moja la kuachia. Chukua ya fremu kadhaa zilizotangulia, uzipatanishe, na ukumbuke kwamba kitovu cha mpira hakiko pale kilipo kitovu cha rimoti. Nilipoteza wiki nzima kwenye mpira mmoja kabla sijaelewa hilo.

Sasa nieleze kisa kilichonifundisha kuliko vyote. Taasisi moja, jina naliacha, iliniita nitazame programu waliyonunua ya kuwafundisha wafanyakazi kuzima moto. Ilikuwa na picha safi: jiko la kantini, moto unawaka, moshi unatanda darini. Mfanyakazi anavaa miwani, mtungi wa kuzimia moto uko mkononi mwake tayari, anabonyeza A, wingu jeupe linatoka, moto unazimika, alama zinapanda. Wote walikuwa wamefaulu. Nikamwomba mmoja wa waliofaulu, kijana hodari wa stoo, ashushe mtungi halisi uliokuwa ukutani aniigizie. Akaushusha, akaelekeza bomba, akabana mpini. Haukubana. Akabana tena kwa nguvu. Pini ya usalama ilikuwa bado imo.

Hakuna aliyemfundisha kuivuta, kwa sababu kwenye rimoti pini haikuwepo. Vidole vyake vilijifunza kitufe A kikamilifu.

Tuliijenga upya sehemu ile ya mkono tu, picha tukaziacha. Mtungi ukabaki ukutani. Sharti uufikie na kuushika mpini kwa kidole cha kati. Ukikiachia kidole hicho, mtungi unaanguka. Mkono wa pili unakuja kwenye pini, unaibana kwa cha shahada, unavuta, na pini haitoki mpaka mkono usogee kweli, kama upana wa kiganja. Inapotoka, rimoti inapiga mshtuko mfupi mmoja, tik, na basi. Mshtuko ule mdogo ulifanya kazi kuliko maandishi yote yaliyokuwa yakielea hewani, maana mtu anayeutazama moto hasomi. Halafu mkono wa pili unashika bomba, unalielekeza chini kwenye shina la moto, na mkono wa kwanza unabana triga. Triga si swichi ya kuwaka na kuzima; inajua umebana nusu au yote, kwa hiyo ukibana kwa woga unga unatoka kwa woga. Unga unapotoka rimoti inatetemeka kwa wepesi mfululizo, na unapokwisha mtetemo unakata. Mtungi mdogo hutoa unga kwa sekunde chache tu, na watu wengi hawalijui hilo mpaka siku ya ajali. Wafanyakazi wale walijua mtungi umekwisha kwa kiganja kabla macho hayajaona.

Kitu kimoja hatukuweza. Uzito. Rimoti haifiki hata robo kilo, na mtungi wa unga wa kilo 6 ukijumlisha na chuma chake ni mzigo wa kukunja mgongo. Hakuna mtetemo utakaoliziba pengo hilo, na mtu anayekuuzia programu akisema limezibwa, mwulize kwa namna gani. Sisi tulifanya jambo rahisi: tukaweka mtungi halisi mlangoni, na kila anayevua miwani anaunyanyua kabla ya kuondoka.

Usije ukachukua kisa hiki ukadhani kila tendo lazima liigwe hatua kwa hatua. Nimeona vijana wakisoma somo kama hili na kwenda kutengeneza mlango unaohitaji kushika kitasa, kukizungusha, kuvuta, kupisha mwili, wakati somo lenyewe ni la kufunga nyaya za umeme. Mwanafunzi anafika kwenye nyaya akiwa ameshachoka na milango. Ninachojiuliza kila mara ni hiki: je, tendo hili ndilo ninalotaka mkono ulikumbuke? Kama ndilo, lijenge kwa vidole vyote. Kama silo, kitufe kimoja kinatosha, au mlango ufunguke wenyewe. Gemu ya Job Simulator ya mwaka 2016 iliendesha karibu kila kitu kwa kushika na kuachia, na ina hila nzuri ambayo wengi hawaioni: ukiokota nyanya, mkono wako unatoweka na nyanya inakaa mahali pake. Watu hawagundui. Kwao nyanya imekuwa mkono, na mtengenezaji ameepuka balaa la kuchora vidole vinavyokumbatia kila kitu sawasawa. Beat Saber ya mwaka 2018 nayo, ukishaanza kucheza, haina kitufe hata kimoja. Umeshika panga mbili, rimoti mbili ndizo vipini, na mkato ukipita kwenye boksi unausikia mkononi. Shangazi aliicheza hiyo mpaka chakula kikapoa.

Tuje kwenye menyu, mahali ambapo programu nyingi nzuri huharibikia. Kawaida rimoti hutoa mwale mrefu kama ule wa leza ya mwalimu, unaoelekezwa kwenye maandishi yanayoelea mbali, kisha unabana triga. Mwale huo una kasoro mbili. Kwanza, mtikisiko wa kifundo unakua kadiri umbali unavyoongezeka. Mkono ukicheza kidogo tu, ncha ya mwale huko mbali inaruka hatua nzima. Pili, tendo lenyewe la kubana triga linaitikisa rimoti, kwa hiyo ulilenga "Endelea" na wakati wa kubana ukaangukia "Futa". Paul Fitts alieleza mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia shabaha hutegemea umbali wake na ukubwa wake, na sheria hiyo haijali kama uko kiwandani au ndani ya miwani. Basi fanya vitufe vya hewani viwe vikubwa, vipe nafasi kati yake, usiweke "Futa" jirani na "Endelea", na ulainishe mwendo wa mwale usiruke kwa kila mtetemeko. Bora zaidi, lete menyu karibu na mwili. Tilt Brush, programu ya kuchora iliyotoka 2016, ilibandika rangi na brashi zote kwenye mkono mmoja kama mchoraji ashikavyo ubao wake wa rangi, na mkono wa pili ukachagua kwa kugusa karibu. Mikono miwili inapokutana, kila mmoja unajua mwenzake uko wapi hata gizani. Ndiyo sababu unaweza kupiga makofi umefumba macho.

Halafu kuna kuchoka. Nyoosha mkono mbele kama unayesimamisha daladala, ukae hivyo dakika mbili bila kuushusha. Hiyo ndiyo hali ya mtu anayechagua menyu iliyowekwa usawa wa macho. Mtengenezaji haioni shida hiyo kwa sababu yeye hujaribu kwa nusu dakika kisha anarudi kwenye kompyuta. Weka kazi za mara kwa mara kati ya kiuno na kifua, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Kitu kilichoanguka sakafuni mpe mtu njia ya kukivuta bila kuinama kila saa. Gemu ya Half-Life: Alyx ya mwaka 2020 ilitatua hilo kwa glavu zinazovuta vitu kutoka mbali kwa kutikisa kifundo, na mchezaji hujiona fundi badala ya kujiona mzee. Na unapowavisha wazee, weka kiti. Miwani nyingi zinakubali kuketi, ila programu iliyotengenezwa na kijana wa miaka 22 mwenye urefu wa futi sita mara nyingi huweka rafu mahali ambapo aliyeketi hafiki.

Kuhusu kutembea sitasema mengi, maana wengi wameshaonja. Kijiti cha kidole gumba kinakupeleka mbele huku miguu imesimama. Macho yanasema tunakwenda, sikio la ndani linasema tumetulia, na tumbo ndilo linalolipa. Kwa mgeni, anza na ule mtindo wa kulenga mahali na kuhamia papo hapo, na kugeuka kwa vipande badala ya kuzunguka taratibu. Gemu ya Gorilla Tag iliacha kijiti kabisa, watu wanajisukuma kwa mikono kama sokwe, na wapo wasiovumilia kijiti ambao hiyo huivumilia, kwa kuwa mwili wao nao unafanya kazi. Lakini ondoa meza ya kioo kwanza.

Je, mikono mitupu haitoshi? Quest ilianza kufuatilia vidole bila rimoti Desemba 2019, na Apple walipoleta Vision Pro Februari 2024 kwa dola 3,499 hawakuweka rimoti ndani ya boksi: unatazama kitu, unakutanisha gumba na shahada, basi. Kwa kufungua picha, kusoma, kumwonyesha mgeni kwa dakika tano, njia hii ni tamu na haihitaji maelezo. Angalia kwa nini waliuchagua ule mfinyo wa vidole viwili: vidole vikigusana, unavisikia. Hicho ndicho kitufe pekee unachozaliwa nacho. Ukishika nyundo ya hewani kwa mkono mtupu huna chochote kinachokujibu. Kiganja kinafumba juu ya upepo. Kamera nazo hupoteza vidole vinapofichana au mkono unapokwenda nyuma ya mgongo. Kwa hiyo mimi natumia mikono mitupu kwa kutazama na kuchagua, rimoti kwa kushika, kurusha, kupiga na kubana. Apple wenyewe wamekuja kuruhusu rimoti za PlayStation VR2 zitumike na Vision Pro.

Sasa ya dukani, hasa kwa wanaonunua mitumba, na wengi wetu ndio sisi. Washa, ingia ukurasa wowote wenye orodha ndefu, kisha usiguse kijiti. Orodha ikianza kuteleza yenyewe, kijiti kimechakaa, na hakuna mpangilio utakaokiponya kwa muda mrefu. Bana triga polepole uone kama nusu inatambuliwa. Fungua mlango wa betri utazame kama kuna kutu ya kijani; rimoti za Quest 2 na Quest 3 hutumia betri moja ya AA kila moja, na betri ya bei poa iliyosahauliwa ndani miezi sita huvuja. Betri za kuchaji zinafaa sana, ila huonyesha kipimo kidogo cha chaji hata zikiwa zimejaa, kwa kuwa zina volti 1.2 badala ya 1.5. Usimrudishie muuzaji kwa sababu hiyo. Na usikubali kununua miwani kwanza "rimoti utapata baadaye". Rimoti moja moja ni adimu na ni ghali, na lazima iwe ya mfano ule ule.

Ukifika nyumbani, mwanga ndio utakaokusumbua. Kamera za miwani huzitafuta taa ndogo zilizofichwa ndani ya rimoti, zisizoonekana kwa macho yetu. Chumba kikiwa giza, miwani haijui iko wapi. Dirisha likiwa wazi kwa jua la saa tisa, taa zile zinamezwa na mkono unaanza kuruka. Jua likipiga ndani ya lenzi linaunguza kioo kama mtoto anavyounguza karatasi kwa lenzi, kwa hiyo usiiache miwani dirishani lenzi zikitazama jua hata kwa dakika moja. Kwenye mipangilio ya Quest kuna mahali pa kuchagua 50 au 60, nazo ni hertz za umeme unaozifanya taa zipepese. Umeme wetu Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hertz 50. Kama mkono unatetemeka usiku chini ya taa za dari tu, angalia hapo kabla hujamwita fundi.

Kwa anayewavisha wengine, mpango wangu ni huu. Mkabidhi mtu rimoti kabla ya miwani, macho yakiona. Mvishe mikanda ya vifundo wewe mwenyewe. Usimtajie herufi hata moja. Mwambie, "Kidole hiki kushika, hiki kutumia," ukivigusa vidole vyake kwa idhini yake, mara tatu, kisha ndipo umvalishe miwani. Anayetumia mkono wa kushoto mwulize mapema, kwa sababu programu nyingi humdhania ni wa kulia na kumpa kazi mkono usio wake. Asiye na mkono mmoja, au mwenye vidole vigumu, hastahili kuambiwa "basi tazama tu". Tafuta kwanza programu inayokubali rimoti moja, na kama unatengeneza, fanya kila kazi ya mikono miwili iwe na njia ya mkono mmoja. Ni kazi ya siku mbili tatu. Na zifute rimoti kwa kitambaa kati ya mtu na mtu, maana jasho la Dar es Salaam huingia kwenye vitufe na hukaa.

Shangazi alirudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimeibadilisha ile ya ufukweni: hakuna B, kikombe unakishika kwa kukishika. Nikamvisha mikanda, nikamwonyesha vidole viwili, nikamshushia miwani. Akanyoosha mkono, akakishika kikombe, akakipeleka mdomoni, akanywa hewa, akaguna kama chai imezidi sukari. Kisha akakirudisha mezani na kufungua kiganja chote. Rimoti ikaporomoka, ikadakwa na mkanda, ikabaki ikining'inia kwenye kifundo chake. Akashtuka, mikono hewani.

"Kimevunjika?"

"Hapana, shangazi. Kiko mezani."